Kuchemsha Mizizi Si Kutengeneza Dawa



Siku hizi kila mnadani nakutana na mtu anayewashawishi watu wanunue sufuria kubwa na spiriti, wachimbe mizizi porini, kisha wachuje "dawa safi" nyumbani. Nasema wazi: ushauri huo utakutia hasara, na unaweza kuua.

Kuchuja si kusafisha. Maji huvuta kila kinachoyeyuka ndani yake: dawa, tanini, hata sumu. Spiriti huvuta na vingine. Ukichemsha mpaka ibaki nzito, sumu nayo imekolea. Kuvitenganisha ni kazi ya maabara, yenye kipimo kila hatua. Tena mvuke wa spiriti hushika moto karibu na jiko, na methanoli hupofusha.

Utaniuliza: mbona kikombe cha Loliondo mwaka 2011 kilikuwa mzizi wa mugariga uliochemshwa tu, na watu wakamiminika? Ndiyo, walimiminika, na wengine walifia njiani na kwenye foleni. Foleni si kipimo.

Tazama pareto. Mkulima wa Mbeya na Iringa huchuma maua yaliyochanua na kuyakausha. Kukamua pairethrini ni kazi ya kiwanda cha Mafinga. Hakuna aliyeweka kiwanda jikoni, na pareto imesomesha watoto. Tena ukichuma ua, mmea unabaki. Ukichimba mizizi yote, mti umekufa. Jirani zetu wa Makete wanajua: viazi vya okidi vilichimbwa kwa ajili ya chikanda ya Zambia mpaka vikaadimika.

Basi fanya hivi:

1. Tafuta mnunuzi kwanza, ndipo upande miti ya dawa shambani.
2. Chimba mizizi michache ya upande mmoja, kisha fukia.
3. Osha, katakata, kausha kivulini juu ya chanja.
4. Weka kwenye gunia safi, mbali na mbolea na viuatilifu. Andika jina la mti, mahali na tarehe.
5. Una dawa ya babu? Ifikishe Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ufuate utaratibu wa kuisajili.

Simdharau mganga wa jadi. Anajua mti wake na kipimo chake. Namkataa muuza sufuria. Uza mzizi mkavu, safi, wenye jina. Usimuuzie jirani yako chupa usiyojua ndani yake kuna nini.