Msumeno wa babu: kabla ya kuunoa, yasome meno yake

Nyumba nyingi zina msumeno wa kurithi, umetundikwa stoo, bapa limeshika kutu. Hutolewa siku chaga za kitanda zinapovunjika au banda la kuku linapohitaji mbao. Mtu anakata, anatoka jasho, anasukuma kwa nguvu zote, halafu msumeno unaruka na kutua juu ya kidole gumba. Mara nyingi anayeshikilia ubao upande wa pili ni mtoto aliyeitwa asaidie.

Mimi ni mwandishi wa afya, si seremala, lakini hili linanihusu. Msumeno mkali huingia kwenye ubao karibu kwa uzito wake wenyewe. Ulio butu unadai nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoufanya uruke.

Misumeno ya zamani, kama ile ya Disston ya Philadelphia, Marekani, iliyoanza mwaka 1840, ilitengenezwa inolewe kwa tupa tena na tena. Mingi ya madukani leo ina ncha za meno zilizopashwa moto zikawa ngumu kupita tupa. Utaitambua kwa weusi au ubluu kwenye ncha. Tupa ikiteleza bila kung'ata, acha. Huo hauna dawa.

Sasa meno. Mzazi, kumbuka muwa. Ukitaka kuupasua kwa urefu, unaingiza kisu kidogo tu, nyuzi zinaachana. Ukitaka kuukata kwa upana, lazima uzikate nyuzi zenyewe. Ubao ni hivyo hivyo, ndiyo maana kuna misumeno ya aina mbili. Wa kupasua hufuata urefu wa nyuzi, na kila jino lake ni kama patasi ndogo, ncha imekatwa mraba. Kwa kawaida una meno makubwa, kama 4 hadi 7 kwa inchi. Wa kukata kwa upana una meno madogo, kama 8 hadi 12, na kila jino limechongwa mshazari likawa kama ncha ya kisu: moja linachanja nyuzi kushoto, linalofuata linachanja kulia. Ukiunoa wa kukata kama wa kupasua, utachana mbao badala ya kuzikata, na utarudi kulekule kwenye kusukuma.

Bana msumeno kati ya mbao mbili ndani ya jiliwa, meno yachungulie kidogo tu juu. Ukipiga kelele za kukereketa, maana yake unatetemeka. Ushushe zaidi (majirani nao watashukuru). Pitisha tupa bapa juu ya meno yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka kila jino lionyeshe kidoa kinachong'aa. Sasa yote yako kimo kimoja.

Kisha angalia mpindo. Meno hupindwa moja kushoto, moja kulia, ili njia ya msumeno iwe pana kidogo kuliko bapa na usibanwe ndani ya ubao. Kama bado yamepinda vizuri, yaache. Kama yamenyooka, pinda nusu ya juu tu ya jino kwa koleo la kazi hiyo. Ukilipinda kutoka shinani linaweza kukatika.

Ndipo uchukue tupa ya pembetatu. Kwa msumeno wa kupasua, isukume ikiwa mraba kabisa na bapa. Kwa wa kukata, ielekeze mshazari, kama nyuzi 20 kutoka kwenye mraba huo, ruka jino moja moja, kisha geuza msumeno umalizie yaliyobaki. Sukuma kwenda mbele tu, inua unaporudi. Kidoa kikitoweka, jino hilo limetosha. Wa kukata ukinolewa sawasawa, meno yake huacha mfereji katikati, na sindano ya kushonea ukiilaza humo huteleza bila kuanguka pembeni. Mpe mtoto kazi hiyo ya kujaribu sindano. Ataipenda, ila asiguse meno kwa kidole.

Tupa iwe na mpini. Mkia wake mtupu ukiteleza huingia kwenye kiganja. Vaa miwani ya kazi, na unga wa chuma uufagie kwa brashi, usiupulize kwa mdomo, hasa kama kuna uso wa mtoto karibu.

Mtu akikatwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Damu ikikata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Isipokata baada ya dakika 10 za kubonyeza, kidole kikifa ganzi au jeraha likiwa wazi, nenda kituo cha afya. Pepopunda haitoki kwenye kutu yenyewe, bali kwa bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi. Hata msumeno unaong'aa ukianguka bandani unaweza kuwabeba. Angalia kadi ya kliniki kama mtoto alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Wewe mzazi pia ulizia yako, maana kinga hupungua miaka inavyopita.

Ukimaliza, paka bapa mafuta kidogo, chana kipande cha mpira wa kumwagilia bustani uyavishe meno, kisha tundika msumeno juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda ndoo.