Pima Macho Bure, Lipa kwa Upofu

Leo nina hasira, ndugu msomaji. Nivumilie.

Mama yangu mdogo alianza kuona ukungu. Akafanya kama tunavyofanya wengi: akaingia duka la kwanza lenye kibao cha "Pima Macho Bure". Kijana mwenye koti jeupe akamkalisha kwenye mashine dakika tano, akamwambia, "Mama, macho yamechoka, unahitaji miwani." Akalipa. Mwaka uliofuata akauziwa nyingine. Wa tatu, nyingine. Wa nne tukampeleka hospitali. Daktari bingwa akamulika nyuma ya jicho, akanyamaza kidogo. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa, na kilichopotea kwa ugonjwa huu hakirudi.

Mtaniambia kijana yule hakuwa na nia mbaya. Sawa. Lakini kipimo cha bure kinalipwa na nani? Kinalipwa na fremu! Sasa mtu anayeishi kwa kuuza fremu atakuambia lini kwamba tatizo lako si la miwani?

Tatizo jingine ni letu. Tunamwita kila mtu "dokta". Daktari bingwa wa macho amesomea udaktari, anatibu na kupasua. Mtaalamu wa optometria, kama wale wanaofundishwa KCMC kule Moshi, anapima uwezo wa kuona, anaandika namba za miwani, na akiona dalili za ugonjwa anatakiwa akupe rufaa. Fundi miwani anakata vioo na kukutosheleza fremu. Wote tunawahitaji, ila koti jeupe haliwatofautishi.

Halafu kuna hizi kliniki za pamoja, wataalamu kadhaa chini ya paa moja. Zikiendeshwa vizuri ni neema: aliyekupima akishtuka, daktari yuko mlango wa pili na faili lako analo. Lakini kuchangia jengo si kuchangia kazi. Unaweza kukuta kila chumba kina mwenyewe na faili lako halivuki korido. Unaweza kukuta jina la daktari bingwa limeandikwa kibaoni wiki nzima, kumbe mwenyewe huja siku moja. Na kama mwenye kliniki ndiye mwenye duka la chini, rufaa yako itazunguka ndani ya mfuko wake.

Kwa hiyo uliza, tena bila aibu. Nani ananipima leo, amesomea nini, leseni yake iko wapi? Ataangalia mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, au anatafuta namba tu? Kupima presha peke yake hakutoshi, maana wapo wagonjwa ambao presha ya jicho lao ni ya kawaida. Mwisho, dai cheti cha namba zako ukanunue miwani unakotaka. Marekani kanuni ya kumpa mteja cheti chake ipo tangu 1978. Na sisi tudai hivyo hivyo.

Sipingi miwani. Ukipita miaka 40, kuna uwezekano mkubwa utahitaji ya kusomea, na ya bei nafuu inaweza kumrudisha fundi cherehani kazini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwa bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Hao wanahitaji wauza miwani. Ninachopinga ni muuza miwani kumwambia mtu jicho lake ni zima wakati hakuliangalia.

Presha ya macho kwa kawaida haiumi mwanzoni. Inatusumbua zaidi sisi Waafrika, na inatembea kwenye ukoo. Kama shangazi au baba anayo, usingoje ukungu.

Mama mdogo sasa anatia dawa ya matone kila usiku, analinda jicho lililobaki. Miwani zake zote tatu zipo kabatini.

Chukua hatua.