Ethanoli ya Uganda: Glasi ya Kabalagala Yashindana na Tangi la Bodaboda

Serikali ya Uganda ilitangaza mwaka 2025 kwamba petroli inayouzwa nchini ingeanza kuchanganywa na ethanoli kwa asilimia 5 kuanzia Januari 2026. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu kufika asilimia 20. Ethanoli hiyo hutokana hasa na molasi, yale masalio mazito ya miwa baada ya sukari kutolewa. Kwa wenye malori ya mafuta yanayopita Malaba na Busia, swali si kama injini zitakubali mchanganyiko wa asilimia 5. Zitakubali. Swali ni bei.

Tuchukue Kabalagala, kwenye barabara ya Ggaba jijini Kampala. Mtaa huu unajulikana kwa baa zinazokesha, na nje ya baa hizo bodaboda husubiri wateja. Mnywaji wa waragi na mwendesha pikipiki sasa wanaweza kugombea lita ile ile. Marufuku ya mwaka 2019 ya pombe kali ya vifuko haikumaliza kiu, chupa zipo. Mwenye mtambo atauza kwa anayelipa zaidi, na mara nyingi huyo ni mtengeneza pombe.

Hesabu yenyewe ni hii. Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 40 za molasi, na hizo hutoa kama lita 10 za ethanoli. Lita ya ethanoli ina nguvu ya theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Tuseme petroli imefika Kampala kwa shilingi 3,000 kabla ya kodi: kwa kipimo cha nguvu, ethanoli isizidi 2,000. Ikizidi hapo, ama serikali isamehe kodi au dereva alipe tofauti. Kwa asilimia 5 umbali hupungua kidogo sana, chini ya asilimia 2, lakini bodaboda anayeweka lita moja moja huhesabu hata hiyo.

Kenya ilishapita njia hii. Mafuta yenye ethanoli ya Muhoroni yaliuzwa kuanzia 1983, na mwaka 1993 mpango ukasimama. Bei ilikuwa miongoni mwa sababu. Malawi ilianza 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa na ikachanganya kwa miaka mingi. Haina bahari, petroli hufika huko ikiwa imeshakula nauli ndefu, kwa hiyo ethanoli ya nyumbani inapata nafasi. Uganda iko katika hali hiyo hiyo, na hapo ndipo penye matumaini.

Kwa msafirishaji, faida haipo kwenye tangi la lori lake, maana lori hutumia dizeli na mpango huu ni wa petroli. Ipo kwenye mzigo. Kiwanda cha sukari cha Kakira, chenye mtambo wa ethanoli, kiko kando ya barabara hiyo hiyo ya kutoka Malaba kuja Kampala. Petroli kutoka Mombasa itapungua kidogo, na safari fupi za ethanoli zitaongezeka.

Tahadhari moja: ethanoli hunywa maji. Tangi la lori au la kituo likiingiza maji ya mvua, ethanoli huachana na petroli na kuzama chini pamoja nayo, pale pale pampu inapovuta. Kabla ya kutia saini mkataba wa kubeba au kuhifadhi, uliza nani atalipa shehena ikiharibika hivyo.