Kisangani: Windows 11 imeingia, leseni imekataa

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi ndogo ya kuchapa nyaraka huko Makiso ikihamia Windows 11, inaweza kukuta skrini inadai leseni. Watu hulaumu mtandao. Lakini leseni ya kidijitali hufungwa kwenye carte mère. Fundi akiibadilisha, mashine haitambuliki tena. Leseni ya Home nayo haifungui Pro, na njia ya kutumia namba za Windows 7 na 8 ilifungwa Septemba 2023. Anayeumia ni mnunuzi wa mashine ya mitumba, aliyeuziwa Windows bila leseni.

Kabla ya kulipia programu ya kuvunja leseni, ambayo huweza kubeba virusi, fungua Paramètres, Système, Activation: sababu imeandikwa hapo.