Kompyuta Iliyoganda Isihukumiwe kwa Kubahatisha

Kituo cha umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kazi mwaka 1964. Hata hivyo, ukaribu na mitambo hauzuii umeme kupanda ghafla majumbani, iwe Korogwe au Handeni. Baada ya tukio hilo kompyuta huweza kuwaka, kisha ikaganda. Wengi hulaumu programu, au huitupa mashine nzima. Hayo ni makosa.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kigeuza umeme hushusha volti 230 za ukutani kuwa 12, 5 na 3.3. Kapasita zake zikidhoofika, volti hizo huyumba na mashine hukwama, ingawa taa zinawaka.

Sayansi hudai jambo moja tu libadilishwe katika kila jaribio. Kwanza kazi zilizohifadhiwa zinakiliwe. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa, viondolewe vifaa vya nje. Vibao vya kumbukumbu vijaribiwe kimoja kimoja. Mwishowe kiwekwe kigeuza umeme kingine kilicho kizima. Mwanafunzi asikifungue kamwe: kapasita hubaki na chaji.

Utaratibu huu ufundishwe katika fizikia. Anayebahatisha hupoteza mashine pamoja na kazi za mwaka mzima. Anayepima hupata chanzo.