Kibali Kisiwe na Thamani Kuliko Gogo

MIZANI YA WIKI
Na Salim Mbaruku Athumani

Serikali inapokuwa ndiyo mwenye msitu, na ndiyo mpanzi, mlinzi, mpimaji na muuzaji wake, bei ya mti haiwezi kuwa shauri la watu wawili tu, mwenye kuuza na mwenye kununua, bali huwa shauri la umma mzima, kwa kuwa kila shilingi inayopungua katika mauzo hayo imepungua katika hazina iliyo yetu sote. Kwa sababu hiyo nataka wiki hii kusema juu ya namna Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao wengi twauita TFS, unavyowauzia wenye viwanda vya mbao miti ya mashamba ya Serikali. Na sitaharakisha, kwani jambo hili hujadiliwa kwa sauti kubwa Mafinga na Njombe, walakini aghalabu hujadiliwa kwa upande wa bei peke yake, ilhali kwa maoni yangu maradhi yenyewe hayamo katika bei.

Shamba kubwa kuliko yote ni Sao Hill, wilayani Mufindi, lenye eneo la zaidi ya hekta 135,000 tukihesabu pamoja na misitu ya asili iliyohifadhiwa ndani yake. Majaribio ya kupanda miti huko yalianza mwaka 1939, zama za Waingereza. Upanzi mkubwa wa misindano ukaja baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960 hadi 1980, nchi ilipokopa fedha za Benki ya Dunia kwa kazi hiyo, ikiwa na azma ya kupasua mbao zake na kutengeneza karatasi zake yenyewe, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa kwa azma hiyo hiyo. Waliopanda misindano ile walijua kuwa huenda wengi wao wasiwepo kazini siku ya kuvunwa, maana mti wa mbao hukaa ardhini miaka 18 hata 25, na katika muda huo wote hupaliliwa, hupogolewa, hupunguzwa na kukingwa dhidi ya moto kwa fedha ya mlipa kodi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, fedha zilipokauka, upanzi ukalegea. Na pengo la miaka ile ndilo lililokuja kuwabana wenye viwanda wa zama zetu, wao wakiwa wengi na miti iliyokomaa ikiwa haiwatoshi. Penye wahitaji wengi na kitu kichache, mwenye kugawa huwa na uwezo mkubwa mno, hata kama hakuutafuta.

Mauzo ya misindano hiyo, kwa ada ya miaka mingi, hayakuwa mauzo ya soko bali ya mgao. Mwenye kiwanda huomba. Maombi yake huchunguzwa. Akikubaliwa hutajiwa mita za ujazo kadhaa katika kitalu fulani. Hulipa mrabaha ambao kiwango chake hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa kanuni za Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na juu ya mrabaha huo huongezwa tozo ya Mfuko wa Misitu, ushuru wa halmashauri na kodi ya ongezeko la thamani. Ndipo hupewa leseni na kuruhusiwa kuingiza msumeno. Miti huuzwa ingali imesimama. Bwana misitu huiendea mmoja mmoja, akauzungushia utepe penye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, akasoma kipenyo, akatia namba ya rangi juu ya gome, na karani aliye nyuma yake akaandika daftarini. Na kwa kuwa bei hupanda kwa madaraja ya unene, utepe uliolegea kidogo au uliopita juu ya nundu ya gome waweza kuuhamisha mti kutoka daraja moja hata jingine. Nimepata kuitazama kazi hiyo ikifanywa katika ukungu wa Mufindi, karani akilikinga daftari kwa koti lake, na kwa insafu sina budi kusema ilifanywa kwa uangalifu. Magogo yakisha kukatwa hugongwa nyundo ya Serikali, na lori haliondoki pasipo hati ya kusafirishia. Kitaluni, basi, taratibu zipo na watu wa kuzifuata wapo.

Hitilafu huingia kabla utepe haujatoka mfukoni, pale mezani panapoamuliwa nani apewe na kiasi gani. Maadam mrabaha uliotangazwa ni mdogo kuliko bei ambayo mwenye kiwanda mwenye njaa ya magogo yu tayari kuitoa, tofauti ya bei hizo mbili haipotei hewani. Hukaa ndani ya ile karatasi ya mgao, na yeyote aliyeshika karatasi ameishika tofauti hiyo mkononi. Basi wamekuwapo wenye kupewa mgao ambao hawana msumeno, hawana karakana, wala hawajawahi kumwajiri hata mpanga mbao mmoja, nao huenda moja kwa moja kwa mwenye mashine wakamwuzia haki ya kuvuna, mithili ya mtu ashikaye zamu kisimani pasipo ndoo ili awauzie zamu yake waliokuja na ndoo zao. Jambo hili si siri kwa mtu yeyote aliyekaa Mafinga majuma mawili. Hazina imepata mrabaha wake ule ule. Mwenye kiwanda amelipa bei ya soko kamili. Na baina yao amesimama mtu aliyechukua faida ya miaka 20 ya kupalilia na kuzuia moto bila kuinua jembe wala kuwasha mashine.

Wako wasemao kwamba hayo ni hasara ya mrabaha tu, nayo hurekebishwa kwa kupandisha mrabaha. Sikubaliani nao, kwani hasara haiishii hazinani. Huteremka hadi kwenye msumeno. Mpasuaji aliyekwisha kulipa mara mbili kwa gogo moja, mara kwa Serikali na mara kwa mwenye karatasi, hana akiba ya kununua mashine njema, wala hana sababu ya kukopa benki, kwa kuwa hajui kama mwakani atapata karatasi au hatapata. Hubaki na dingdong yake, mashine ile ndogo ya kuhamahama iliyoenea Nyanda za Juu Kusini, yenye msumeno mnene unaokula mti mwingi kila unapopita. Simama karibu nayo saa moja utazame: gogo zuri, nyoofu, lililopogolewa vyema ujanani, hupandishwa juu ya kitanda cha mashine na vijana wawili, pande nne za mwanzo huanguka zikiwa mabanzi, unga wa mbao huruka hata ukajaa viatuni, na zikihesabiwa mbao zilizotoka hazifiki nusu ya gogo, mara nyingi hukaribia theluthi yake tu. Mbao yenyewe huwa nene huku na nyembamba kule, na fundi wa Keko, Dar es Salaam, akiinunua hana budi kuiranda upya na kutupa sehemu nyingine tena. Mti uliolelewa kwa fedha ya umma kwa robo ya karne huishia, kwa sehemu yake kubwa, kuwa chungu ya unga inayofuka moshi pembezoni mwa barabara. Mtu akiniuliza kwa nini nchi yenye misindano mingi namna hii haina viwanda vingi vya kukausha na kuunganisha mbao, nitamwonyesha karatasi ya mgao wa mwaka mmoja kabla sijamwonyesha kitu kingine.

Dawa iliyopendekezwa na kuanza kutumiwa ni mnada. Misaji ya Longuza, wilayani Muheza, na ya Mtibwa, mkoani Morogoro, huuzwa kwa mnada, na katika miaka ya karibuni kwa mnada wa mtandaoni, na kwa misaji nauunga mkono bila shaka: ni mbao ya thamani kubwa, yastahimili safari ndefu, wanunuzi wake wengi wanatazama soko la India, na ushindani baina yao huirudishia hazina ile tofauti iliyokuwa ikikaa katika karatasi. Lakini msindano si msaji. Ni mti wa bei ya chini na uzito mkubwa, usioweza kubebwa mbali kabla ya kupasuliwa, na aliye karibu nao ni yule yule mwenye kiwanda Mafinga anayehitaji magogo kila juma mwaka mzima ili watu wake wasikae bure. Mtu huyo akiambiwa kwamba kila apatacho atakipata kwa kushinda mnada, na vitalu vya mnada vikawa vikubwa kiasi cha kuhitaji mtaji asiokuwa nao, ushindani utakuwa baina ya watatu au wanne, na mwaka wa pili utakuwa baina ya wawili.

Wengine wamekwisha kukabiliwa na shida hii. Polandi, ambako shirika la misitu ya Serikali, Lasy Państwowe, husimamia hekta zipatazo milioni 7 na kuuza mita za ujazo zipatazo milioni 40 kwa mwaka, hugawanya mauzo yake: sehemu moja huwaendea wanunuzi wenye historia ya kununua, nao hushindana wao kwa wao katika mtandao, na sehemu nyingine huwekwa katika mnada ulio wazi kwa mtu yeyote. Wenye viwanda wa huko hulalamika kila mwaka, wakubwa na wadogo, lakini hulalamika juu ya kanuni wanazozisoma. Karibu nasi, Kenya ilipopiga marufuku uvunaji mwaka 1999 iliviachia viwanda vichache vikubwa ruhusa ya kuendelea, na wapasuaji wadogo wakafungiwa lango. Na ilipopiga marufuku tena Februari 2018, marufuku iliyodumu hadi tangazo la Julai 2023 la kuiondoa, wanunuzi wake waligeukia mbao za Tanzania. Mlango ukifungwa kwa amri na kufunguliwa kwa amri, mwenye kufaidi ni yule aliye karibu na bawabu.

Kuna sehemu moja ya shauri hili iliyo ngumu, nayo ni mgao wa vijiji. Vijiji vinavyolizunguka shamba la Sao Hill vimekuwa vikipewa mgao wa miti kwa ajili ya maendeleo yao, nami naona ni haki, kwa kuwa ndio watu wanaokimbilia moto wa Septemba wakiwa na matawi mikononi. Lakini kijiji hakina msumeno. Nacho, kama yule mwenye karatasi asiye na mashine, hulazimika kuiuza karatasi yake kwa mfanyabiashara, na kwa kuwa kijiji kinataka madarasa upesi na mfanyabiashara anaweza kungoja, bei hukatwa na mwenye kungoja. Basi nikisema tu kwamba mgao usiuzwe kwa mtu mwingine, nimewadhulumu watu hawa. Kwao napendekeza Wakala wenyewe uivune ile miti, uyapange magogo kando ya barabara kwa madaraja yake, uyauze kwa mnada wa wazi kwa mafungu madogo ambayo hata mwenye dingdong moja anaweza kuyanunua, kisha uwakabidhi wanakijiji fedha baada ya kutoa gharama. Gogo lililolala chini hupimwa kwa urefu na unene wake halisi, kasoro yake huonekana, na hakuna karatasi ya kulangua.

Kwa viwanda vyenye mashine na wafanyakazi, napendekeza mikataba ya miaka mitano au zaidi, yenye bei inayopimwa upya kila mwaka kwa kulinganishwa na mnada huo wa kando ya barabara, na yenye sharti la kiasi cha mbao kinachopaswa kutoka katika kila mita ya ujazo. Asiyelitimiza apunguziwe magogo mwaka unaofuata. Benki itamkopesha mtu mwenye mkataba wa namna hiyo.

Na juu ya yote, majina. Mwaka 2007 ripoti ya TRAFFIC juu ya magogo ya misitu ya asili ya kusini mwa Tanzania ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliostahili kukusanywa haukukusanywa; na ingawa misindano ya mashambani inalindwa vizuri zaidi kuliko mininga na mikongo ya porini, ripoti ile ilituonyesha gharama ya biashara ya miti isiyoonekana na umma. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Naiomba Wizara ya Maliasili na Utalii iuagize Wakala kwamba, kabla ya tarehe hiyo kila mwaka, orodha ya waliopewa mgao itangazwe gazetini na kubandikwa katika ofisi za tarafa zote nne za shamba la Sao Hill, Irundi, Ihefu, Ihalimba na Mgololo, na katika ofisi ya kila kijiji kinachopakana nazo: jina la aliyepewa, namba ya kitalu, mita za ujazo, bei aliyolipa, na mahali ilipo mashine yake. Safu ile ya mwisho katika orodha isiachwe tupu kwa mtu yeyote, na anayeomba bila kuwa na cha kuandika humo arudishiwe maombi yake.