Barabara za Kigoma Ujiji nazo zinahitaji daftari

MALI bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanyabiashara wa Rusimbi anaujua usemi huu, kwani asiyeandika madumu ya mawese aliyouza na yaliyobaki hawezi kujua kama amepata faida au amekula mtaji. Tunaona wakati umefika usemi huo utumike pia kwa barabara za Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Mji huu una watu zaidi ya laki mbili. Barabara inayounganisha Kigoma, Mwanga na Ujiji hupitisha dagaa, mihogo, ndizi, wanafunzi na wagonjwa. Ndiyo hiyo hiyo wanayopita watalii wanaokwenda kwenye makumbusho ya Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wengine huelekea Kibirizi kupanda boti za kwenda Hifadhi ya Gombe.

Manispaa ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa barabara za lami chini ya mradi wa miji ya kimkakati, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010. Lami ni neema, lakini huleta mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani hana bodi la kumkinga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wa aina ile ile inayojaza barabara zetu.

Kwa mkulima, ajali haiishii hospitali. Mguu ukivunjika Novemba, wakati wa kupanda, shamba hulala na deni la pembejeo hubaki. Kwa mwenye bodaboda, chombo kilichopondeka ni mtaji uliokwisha. Kwa mwenye nyumba ya wageni, mtalii mmoja akigongwa habari husambaa haraka kuliko tangazo lolote. Tukumbuke pia kuwa wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani wamezoea magari yanayopita kulia. Wanapovuka hapa kwetu, hutazama kwanza upande usio.

Mtalii akiingia Gombe anahesabiwa, kwa sababu analipa kiingilio. Barabarani hakuna lango wala risiti. Bila hesabu, tuta huwekwa pale wenye sauti walipolalamika, na kivuko huchorwa mahali ambapo watu hawavuki.

Hesabu hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Vijana wawili wenye kalamu na karatasi wakae mahali pamoja kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku ya soko na siku ya kawaida. Kila robo saa waandike wangapi wamepita kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala na lori, na wangapi wamevuka. Zoezi lirudiwe miezi ya watalii wengi na miezi ya mavuno. Kisha takwimu hizo ziwekwe pamoja na kumbukumbu za ajali za polisi na za Hospitali ya Maweni, bila majina ya majeruhi. Hapo ndipo itakapoonekana ni wapi panahitaji tuta, taa, njia ya waenda kwa miguu au kituo cha bodaboda kilichotengwa.

Tunatoa wito kwa Manispaa, TARURA, TANROADS na Kikosi cha Usalama Barabarani kuanza kazi hii kwa pamoja na kubandika matokeo kwenye ofisi za kata, Rusimbi ikiwamo. Aidha, vyama vya bodaboda na wafanyabiashara wa masoko washirikishwe tangu mwanzo, maana wao ndio wanaojua kona mbaya.

Wananchi nao wasisubiri takwimu ndipo wavae kofia ngumu au waache kupakia abiria wawili. Hata hivyo, kuwalaumu madereva peke yao hakutoshi. Barabara inayojengwa kwa kubahatisha itaendelea kuua hata wenye nidhamu, na anayelipa gharama hiyo ni mkulima na mchuuzi.